Vifungo Nilivyobakiza Mfukoni

Kahororo, Bukoba
Jumapili, baada ya ibada

Tata,

Nimekalia kiti chako cha kazini, kile cha miguu mitatu na tofali moja. Nimekileta nyumbani kwa sababu Mae, mkeo, hapendi kibaki mjini peke yake, kana kwamba kiti nacho kinaona upweke. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua huanza na habari za afya. Basi, sisi wazima. Mae anakula kidogo, lakini anakula. Cherehani inakwenda, ila mkanda wake bado unaruka, na mimi bado sijaujulia. Wewe sikuulizi hali.

Miti imekatwa, Tata. Yote minne. Nimeona nikuambie hilo mwanzoni, maana nikianza kuzunguka sitafika. Mikaratusi yetu ya barabara ya kwenda ziwani, iliyotazamana na baraza ulilokuwa ukishonea, sasa ni visiki vinne vinavyotoa utomvu. Yangeyange waliokuwa wakizaa humo wamejipanga juu ya mabati ya ghala la kahawa na hawajui pa kwenda. Na kosa ni langu. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu wa kanisani, ule wa kusema sisi sote ni wakosaji halafu tunakwenda kula. Nasema ni langu. Nitakueleza lilivyokuwa, na ukimaliza kusikia unaweza kunikasirikia huko huko uliko.

Nianze na siku tuliyokuzika, kwa sababu siku hiyo ndipo nilipojua nilichofanya.

Asubuhi, kabla lori halijaja kukupeleka kwenu Nshamba, Mae alinipa koti lako la Jumapili nikupigie pasi. Kifungo cha pili kilikuwa hakipo. Miaka yote umewashonea watu vifungo, na koti lako mwenyewe linakwenda kanisani likiwa wazi kifuani. Ulikuwa ukisema fundi akionekana nadhifu, jua hana wateja. Sikuwa na muda wa kutafuta. Nilitia mkono mfukoni mwa gauni, nikafungua fundo la leso, nikatoa kifungo kimoja cheusi chenye matundu manne, nikakishona nikilia, na uzi niliukata kwa meno ingawa ulinikataza mara mia. Sikufikiria hata kidogo kifungo kile kimetoka wapi.

Nshamba kulikuwa na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Walikuchimbia kibanjani, karibu na baba yako, pale migomba inapopakana na mibuni ya zamani. Watu walikuwa wengi, ungefurahi na kujifanya hufurahi. Mzee wa kanisa alikuwa anaandika habari zako za kusoma mbele ya jeneza, akamwinamia Bibi, mama yako, kwa heshima, akamuuliza alijaliwa watoto wangapi.

Unajua Bibi anavyojibu swali hilo. Maisha yake yote amesema watatu. Aliwaambia watatu watu wa chifu walipopita kuandika nyumba, akamwambia watatu mchungaji, na hata yule muuguzi wa hospitali aliyekuwa akiwaona kwa macho, wanne mmesimama mstari mmoja, alimwambia watatu. Na wewe ulikuwa ukicheka, unasema mama yako amewazaa wanne na mmoja amemficha chini ya kitanda, na mpaka leo hamjaambiwa ni yupi. Mimi nikiwa mdogo aliniketisha pembeni ya jiko akanieleza kwamba kitu chenye pumzi hakihesabiwi hadi mwisho. Ukimaliza kuhesabu wewe, kifo kinajua pa kuanzia. Bakiza.

Siku hiyo aliinua kichwa, akamtazama yule mzee wa kanisa, akasema kwa heshima zote, "Wanne, waitu."

Wanawake wote waliokuwa kwenye mkeka waliinamisha macho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sasa alikuwa na ruhusa ya kusema idadi kamili, kwa kuwa mmoja ameshaondoka. Mimi nilisimama na mkono wangu mfukoni, nimeishika ile leso yenye vifungo. Nilikumbuka uso wako ukitazama ile sahani ya bati mezani, na ukisema, "Wanapungua, Koku."

Hawakuwa wanapungua, Tata. Walikuwa mfukoni mwangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Najua unaijua habari hii kuliko mimi, lakini nataka uione kutoka upande wangu. Ulianza kuhesabu ndege kwa ajili ya yule bibi wa Kizungu aliyeleta sketi ipunguzwe kiuno, akakaa barazani saa nzima na darubini yake akitazama juu, mpaka Mama Laurensia wa samaki akaja kuuliza kama mganga wa Kizungu anatafuta dawa mitini. Alikueleza kuwa Nairobi kuna watu wanaokusanya hesabu za ndege kutoka kwa yeyote anayekaa karibu nao. Hawataki msomi, wanataka mtu wa pale pale, mwenye macho na subira. Ukasema macho unayo, maana unatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na subira unayo, maana unawashonea maharusi. Alikuachia karatasi na anwani, akaondoka kwenda kwao, hatukumwona tena. Lakini wewe neno lilikuingia.

Ulitugawia mti mmoja mmoja. Wako ulikuwa ule wa mbele ya baraza. Wangu uliofuata. Mama Laurensia alipata ule wa karibu na mahali anapopangia samaki wake, na wa mwisho ulimpa Mzee Athumani dobi, ambaye nguo zake nyeupe ndizo zilizokuwa zikiteseka kuliko za mtu yeyote Bukoba nzima. Nilidhani atakataa. Alikubali papo hapo, akasema ndege wale ni wateja wake wakubwa, wanachafua asubuhi naye anafua mchana, na mtu mwenye akili hafukuzi mteja.

Kila Jumamosi tulifagia kinyesi chini ya miti ili wenye maduka wasipate sababu ya kulalamika. Tuliokota makinda walioanguka, tukawarudisha kwa ngazi yako ya kuangikia nguo. Watoto waliokuja na manati uliwakalisha barazani ukawapa kazi ya kuokota pini kwa sumaku, wakasahau walichokuja kufanya. Hakuna aliyetulipa na hakuna aliyetuuliza. Mimi nilikuona mtu mkubwa sana siku hizo, ingawa ulikuwa umevaa futi shingoni na kinyesi cha ndege begani.

Kisha msimu wa senene, makinda wanapolishwa vizuri panzi hao, tulihesabu. Ulitushonea vifuko vya kaki vya kuning'iniza shingoni, vimejaa vifungo. Kila kiota chenye ndege aliyekaa, kifungo kimoja kiingie koponi. Tukimaliza tunamimina vyote kwenye sahani ya bati juu ya meza yako ya kukatia, unavipanga kumi kumi kwa rula, unachora mstari kwa chaki ya kushonea, unaandika. Hukutaka mtu akuambie idadi kwa mdomo. Ulisema mdomo husahau na pia huongeza chumvi, kifungo hakiongezi. Ukatuambia tuandike tulichokiona, basi.

Mwaka wa kwanza nilisimama chini ya mti wangu nikahesabu vizuri mpaka kiota cha mwisho, kile kilichokuwa kwenye tawi linaloelekea ziwani. Alikuwa amekaa ndege mwenye manyoya ya rangi ya chai kichwani, ananitazama. Nikakishika kifungo chake, cheusi chenye matundu manne. Mkono haukwenda koponi, Tata. Nilisikia sauti ya Bibi kama vile yuko nyuma yangu na kuni mkononi. Nikakitia mfukoni. Kimoja tu, nikasema, kimoja kitamdhuru nani?

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya hesabu, ile mvua ya mawe ilivunja tawi kubwa la mti wa Mama Laurensia, na viota vikaanguka navyo. Unakumbuka alivyolia, mtu anayepasua samaki mia kwa siku. Mwaka huo nilibakiza zaidi. Mwaka wa tatu niliwapenda mno. Nilikuwa nawajua, nilikuwa na majina yao, na kila kiota nilichokipenda kilikwenda mfukoni. Nilibakiza konzi nzima.

Wewe ulipanga vifungo kumi kumi, ukafika mwisho wa sahani mapema, ukavisogeza tena na rula kana kwamba vingine vimejificha. Ukavua miwani, maana mwaka huo ulishaanza miwani. "Wanapungua, Koku." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Vifungo vilikuwa kwenye leso, vinanigusa paja. Ningeweza kuvimimina pale mezani ukacheka, ukanitukana kidogo, ukaandika upya. Sikufanya hivyo, kwa kuwa kuvitoa kulikuwa ni sawa na kumaliza kuhesabu. Nilikuacha uhuzunike. Jioni hiyo hukunywa hata chai. Na mwezi uliofuata kichomi kikakushika, siku tano, ukaondoka ukiamini ndege wako wanakwisha.

Hilo peke yake lingetosha kunitesa. Lakini lina mkia.

Tuliporudi kutoka Nshamba nilikwenda kwa Mama Laurensia nikamweleza. Nilitaka kutubu kwa mtu, na mchungaji nilimwogopa. Alinisikiliza huku anageuza samaki, kisha akaniuliza kama kweli nilidhani yeye alimaliza. Yeye ni wa Kimwani, akasema, kwao hata vifaranga wa kuku hawasemwi wote. Mwaka wa kwanza alibakiza viwili vitatu, na tangu tawi lilipovunjika alikuwa anabakiza nusu. Tukacheka, halafu tukalia, halafu tukaenda kwa Mzee Athumani tukiwa na hakika kwamba yeye, mtu wa Ujiji asiye na mwiko huu, angalau mti wake ulikuwa kamili. Mzee Athumani alituangalia kwa mshangao. Alisema mwaka wa kwanza alituona sote wawili tunatia vifungo mfukoni, akadhani ndiyo kanuni ya hesabu, kwamba fundi ametaka hivyo. Akafuata. Hakutaka kuonekana mjinga kwa kuuliza.

Mti wako peke yake ndio uliohesabiwa, Tata. Mmoja kati ya minne.

Ile barua ya ofisi ya mji ililetwa mwezi mmoja baadaye, imeandikwa jina lako. Barabara ya ziwani itapanuliwa ili malori ya kahawa yapishane, na mikaratusi itaondolewa. Nilisoma polepole kwa sababu nilijua umekuwa ukiwapelekea nakala ya kila hesabu. Ulikuwa unakwenda nayo mwenyewe, umevaa lile koti, unarudi unatembea kama mtu aliyepokelewa na gavana. Uliamini wakijua watajali. Na barua yao ilikushukuru, Tata. Ilikushukuru kwa taarifa zako, na ikasema kwa kuwa, kama fundi alivyoandika kwa mkono wake, ndege wanahama wenyewe mwaka hadi mwaka, ofisi haioni kwamba miti hiyo ina faida nyingine.

Nilikwenda. Nilivaa vizuri, nikaenda. Karani aliyenipokea ni kijana wetu, alisoma misheni, alinipa kiti na pole nyingi. Alifungua jalada nikaona karatasi zako tatu, ule mwandiko wako wa kulala upande mmoja. Ya mwisho chini umeandika: "Kwa masikitiko, ndege wanapungua, na hatujui sababu." Nilitaka kuziba maandishi yale kwa kiganja.

Nilikuwa na njia mbili tu. Ninyamaze, jina lako libaki safi na miti ianguke. Au niseme kwamba karatasi za Fundi Zakaria, mtu ambaye watu wa mji mzima wanamwamini kwa vipimo vya viuno vyao, ni za uongo. Nilisema. Nilisema uongo si wako bali wetu, nikaeleza habari ya Bibi na ya kubakiza, na huku naeleza nikaona jinsi inavyosikika ndani ya ofisi ile yenye saa ya ukutani. Karani hakucheka. Alikuwa amekua kwenye kibanja kama mimi, alijua kabisa ninachosema. Akanishauri tuhesabu upya, tulete idadi kamili, na yeye ataiweka mbele ya bwana mkubwa.

Basi mvua zilipoanza na viota vikajaa tena, tukahesabu hadi mwisho. Watu watatu wazima tunaogopa vifungo chini ya miti mchana kweupe. Mama Laurensia alisali kabla ya kila kifungo kuanzia katikati ya mti. Mzee Athumani alichukua mti wake na wako. Mimi nilipofika kwenye lile tawi la kuelekea ziwani nilifumba macho nikatupa kifungo koponi kama mtu anayetupa jiwe kisimani. Sahani ilijaa, Tata, ikamwagika. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya uliyoandika. Laiti ungeiona. Nilikaa kwenye kiti chako nikaitazama sahani ile, na kwa muda nikawa na furaha.

Karani aliipokea karatasi yetu. Siku ya tatu aliniita. Alikuwa anaona aibu, alinizungumzia huku anapanga kalamu zake. Bwana mkubwa aliuliza hivi: ikiwa watu hawa walidanganya miaka mitatu, kwa nini aamini wanachosema leo, wakati leo ndipo wanapotaka kitu? Jibu lake bado nalitafuta. Nimelitafuta njiani, nimelitafuta kitandani, nimelitafuta leo wakati wa mahubiri.

Nikaomba kidogo. Nikaomba wasubiri wiki tatu tu, makinda waweze kuruka, halafu wakate. Wiki tatu! Hata suruali ya harusi hungeishona kwa haraka zaidi ya hapo. Karani alisema ameshaomba hilo kabla yangu, na amejibiwa kwamba malori hayasubiri mayai.

Walikuja Jumatatu. Mnyapara wao alikuwa mtu mpole, alivua kofia aliponiona, akasema amepewa hadi Ijumaa na hana la kufanya. Alichoweza ni kutuacha tupite kuokota kila mti ulipolala, kabla vijana wake hawajaanza kukata matawi. Mzee Athumani alileta matenga yake ya nguo. Mama Laurensia alifunga biashara siku nne. Sitakueleza sauti. Nitakuambia tu kwamba wazazi wao hawakuondoka. Walizunguka juu pale pale ambapo matawi yalikuwa, kana kwamba mti bado upo na wao ndio waliokosea njia.

Mti wako waliuacha wa mwisho. Nilikaa barazani nikashika ukingo wa cherehani. Ulipoanguka, vumbi liliingia mpaka kwenye kitambaa cha mteja.

Siku hiyo Mama Laurensia aliniambia neno ambalo halijanitoka. Tulikuwa tumechuchumaa, mikono imejaa manyoya, akasema bila ukali, "Koku, tumemaliza kuhesabu, na unaona." Niliendelea kuokota. Tulipobakiza, hesabu ndogo ndiyo iliyowaua. Tulipomaliza, wiki ile ile shoka likaja. Ningefanya nini, Tata? Kama uko mahali panapojulikana mambo, nijibu hata kwa ndoto. Wewe ungesema shoka liliandikwa kwenye barua tangu Februari na halina habari na vifungo vyetu. Bibi angesema vingine. Mimi nimekaa katikati yenu, na kila mmoja wenu nampenda.

Makinda waliokufa niliwahesabu mimi. Sikutaka mtu mwingine afanye hivyo. Nilichukua kopo na kifuko cha kaki, nikawalaza mstari mmoja kwenye nyasi nyuma ya baraza, na kila mmoja nikamtolea kifungo chake. Hao hakuna anayekataza kuwamaliza. Ni mia moja na kumi na saba. Nilipanga kumi kumi, nikachora mstari kwa chaki yako, nikaandika. Nimepeleka nakala Nairobi kwa anwani ile ile na nakala kwa karani, na chini nimeandika kwamba hesabu tatu za mwanzo zilipungua kwa hofu yetu, na kwamba fundi hakujua. Sijui kama kuna atakayesoma.

Kuna kifungo kimoja tu kinachonikosesha hesabu. Nilifungua ile leso nikitaka kuandika na vile nilivyobakiza, nikakumbuka koti. Kile kiota cha tawi la kuelekea ziwani kiko Nshamba, kifuani mwako, kimeshonwa kwa uzi mara tatu. Nimeandika pembeni: kimoja hakipatikani. Kitunze.

Sasa nataka nikuage, maana Mae ananiita na mimi sipendi aje akute nalia kwenye kiti chako. Lala vizuri kibanjani kwa baba yako. Nikija mwezi ujao kupalilia nitakuletea habari za mkanda wa cherehani.

Na ahadi yangu ni hii. Jozi chache za ndege wetu zimeonekana huku kwetu Kahororo, zinabeba vijiti kwenye miti iliyo juu ya kisima. Nitafagia chini yake kila Jumamosi, na Mama Laurensia amesema atakuja, na Athumani atakuja akilalamika. Msimu wa senene ukifika tutahesabu, na nitakachokiona ndicho nitakachoandika, mpaka kiota cha mwisho. Sitakuacha tena uhuzunike kwa uongo wangu.

Nianze leo, ili usiseme naahidi tu. Makinda tuliowaokota wakiwa hai tumewaweka kwenye tenga la Mzee Athumani, na tumekuwa tukiwalisha dagaa walioloweshwa. Kila siku mtu akiniuliza waliobaki ni wangapi nimekuwa nikijibu "wapo." Asubuhi hii kabla ya ibada nilifunua kitambaa nikawatazama mmoja mmoja. Walio hai ni watano. Nimeandika wote, Tata.

Sasa naogopa kurudi kuangalia.

Mwanao,
Koku